Nani Kahamisha Bwawa?

Nyumbani kwa Mama,
Ilula.
Jumapili, baada ya misa.

Kwako Kaka Kasian,

Kamwene, kaka. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na wifi Goodness na watoto, na baridi ya Uyole isiwe imekurudishia kile kikohozi chako cha kila mwaka. Kama kimerudi, chemsha tangawizi, acha ubishi. Sisi huku hatujambo. Mama anakula, anasali, anagomba, kwa hiyo afya ipo. Mimi nami ni mzima, ila viganja vimejaa malengelenge na mgongo unaniuma, na sababu utaijua ukisoma mpaka mwisho. Tafadhali usiruke mistari kama unavyoruka meseji zangu.

Najua utashangaa. Utasema Vene amechanganyikiwa, zama hizi mtu anaandika barua kwa peni na simu anayo mkononi. Kaka, nyumba hii haina siri. Nikikupigia simu nikiwa jikoni, Mama aliye huko kwenye migomba ananiuliza baadaye kilichonichekesha ni nini. Nikipanda barabarani ili niongee kwa nafasi, jirani yetu Mzee Dastan naye anatokea kama aliyeitwa. Na ujumbe wa simu siutaki, maana simu yako wanaichezea watoto wote wa nyumba hiyo. Basi nimekaa hapa barazani na karatasi zangu, Mama yuko mbele yangu anasuka kikapu, na mimi naandika kimya kimya kama mwizi.

Nianze pale tulipoachia. Ulinipigia ukasema Mzee Dastan amekueleza kwamba yule Masunga na mkewe Esther, wale watu waliotoka Usangu, ambao Mama aliwaazima kinyungu cha Baba, lile shamba la bondeni, wameanza kupanda vitu vya kudumu kuzunguka bwawa. Ukaniambia niache banda langu la chakula pale Mafinga nije nikae na Mama mpaka nijue kuna nini. Nikishajua, wewe uje na gari umchukue Mama akaishi kwenu Uyole, na bonde tumkodishe mtu wa hapa hapa tunayemfahamu. Nilikubali haraka. Unanijua, mimi nikisikia harufu ya moshi nimeshabeba ndoo ya maji.

Na moshi ulikuwepo, au mimi niliuona hivyo. Si Baba ndiye aliyetufundisha? Aliyeazimwa shamba hulima mahindi na maharage, akavuna, akashukuru. Ukimwona anapanda mgomba, au mti, au chochote kinachochipua chenyewe mwaka hadi mwaka, huyo hana mpango wa kuondoka. Kesho atasimama mbele ya wazee aseme mimea hii ni mikono yangu, nami nina haki hapa. Unakumbuka Mzee Dastan alipoazimwa ile pembe ya chini akachomeka miche ya parachichi? Baba aliing'oa mbele ya watu, mmoja mmoja, huku akimsalimia kwa heshima zote. Sasa leo Baba hayupo, na kando ya bwawa alilolichimba kwa jembe lake kuna mtu anapanda. Ningekaaje Mafinga nikigeuza chapati?

Nilishuka kwenye basi pale penye akina mama wa nyanya, nikateremka kwa miguu na zile ndala zangu za ngozi zinazopigapiga. Sijafika hata kwenye kona ya mikaratusi, Mama akaniita kwa jina langu, akasema karibu Vene, mbona hukusema unakuja. Alikuwa amekaa uani, amenipa mgongo. Kaka, nikajua kuna mtu ameshamtonya. Nilikuwa nimewaambia wewe na mume wangu tu, basi. Nisamehe, lakini siku hiyo nzima nilikushuku hata wewe.

Bwawa la Baba sikulitambua. Wakati ule kingo zilikuwa wazi, ukisimama mlangoni unaona perege wakipanda juu asubuhi. Sasa limevikwa nguo. Upande wa njia itokayo nyumbani kuna ukuta wa matete, marefu kunipita mimi. Ukiyapita unakuta milulu, ile ile ya kusukia vikapu, imepandwa mstari mnene kama nywele za mtu aliyetoka saluni. Upande ule wa kingo mbaya, pale ulipotelezea ukavunja jino ukiwa darasa la nne, kuna magimbi yenye majani makubwa kama masinia. Na pale tunapochotea maji pametandazwa mnanaa, ukiukanyaga unanukia mpaka puani. Kote huko hakuna hata shina moja la mahindi, wala hata mchicha. Ni vitu vya kudumu vitupu, kaka. Nilisimama pale nikasema moyoni, ala, wametuzunguka kweli kweli.

Huyo Esther ni mwanamke mrefu, mwenye sauti ya chini, asiyekutazama usoni akiongea. Mtu asiyenitazama usoni mimi simwamini. Mama anamwita mwanangu, na yeye anamwita Mama mayu, yaani mama kwa Kisukuma. Niliposikia mara ya kwanza nilijiona kama mtu aliyerudi nyumbani akakuta kigoda chake kimekaliwa. Anaingia na kutoka humu ndani bila kubisha hodi. Anajua chumvi iko wapi. Nilihamisha kopo la chumvi juu ya kabati, kwa makusudi nikiri, nione kama atauliza. Hakuuliza. Alilitafuta kimya kimya, akalirudisha pale pale lilipokuwa, na Mama akanigombeza mimi, akasema katika nyumba yake vitu havihamishwi.

Nilianza kuchunguza. Nilimwona Esther akikata milulu, lakini hakati yote kama tulivyokuwa tunakata sisi zamani. Anakata kipande, anaruka kipande, kisha anaacha mpaka kile cha kwanza kichipue ndipo anarudi kukata cha pili. Nikasema huyu anapima mpaka. Tena anaondoa maua kabla hayajakomaa, anagawa mashina yaliyosongamana, na lile shina analoling'oa analichomeka palipo na mwanya, kwenye tope la kufika kifundoni, halafu anaushindilia udongo kwa kisigino. Samadi anaiweka mbali na maji, huku juu, kidogo kidogo. Nilipomuuliza mbona haimwagi karibu, akasema ikiingia bwawani maji yanavaa ukoko wa kijani na samaki wanakosa pumzi. Jibu lilikuwa zuri. Mimi jibu zuri nalo lilinitia shaka. Nikawaza, mtu wa kupita anatunza hivi shamba la kuazima?

Siku moja nilichukua jembe nikajifanya natafuta chambo, nikachimba kati ya matete na milulu. Jembe likagonga chuma. Nikafukua kwa mikono. Ni bati, kaka! Mabati ya zamani, yale ya banda la nguruwe, yamesimamishwa wima ndani ya ardhi na kufukiwa, yameufuata mstari wote wa matete. Mpaka wa siri! Watu wameweka mpaka chini ya ardhi ili siku ya kesi wafukue waseme haya, tazameni, ulikuwepo siku zote. Niliyafunika upesi, nikaenda kwa Mzee Dastan kumwambia. Alitikisa kichwa, akasema yeye alishatuonya, lisemwalo lipo. Akanishauri nisisubiri wazee wala mwenyekiti wa kijiji, ning'oe tu kama Baba yangu alivyokuwa aking'oa. Alilisema hilo la Baba kwa utamu fulani ambao ningepaswa kuusikia, lakini sikuusikia.

Na hayo si yote. Mama na Esther walikuwa wanakwenda mjini Iringa. Wanaondoka asubuhi wakiwa wamevaa vizuri, Esther amemshika Mama mkono kama msimamizi na bibi harusi, wanarudi jua likishapoa. Ukiuliza walienda wapi, Mama anasema kutembea. Kutembea! Mama yetu ambaye maisha yake yote alikuwa anasema mji ni kelele na vumbi. Nikajiambia wanakwenda kuandikishana ardhi. Kisha nikagundua kichupa. Ndani ya mtungi wa maji kuna kikombe kinaelea, na ndani ya kikombe mna kichupa kidogo kimefungwa kwa kitambaa. Nilipokitoa Mama aliniambia nikirudishe, ni dawa ya mafua. Kaka, dawa ya mafua inakaa mtungini? Nilikumbuka hadithi zote nilizowahi kusikia za watu waliolishwa vitu wakasahau watoto wao. Kuanzia siku hiyo nilipika mwenyewe, na chakula alicholeta Esther nilikuwa naonja mimi kwanza.

Halafu kitenge. Nilimletea Mama kitenge kizuri cha kijani chenye tausi, nimekichagua Mafinga kwa mapenzi. Jumapili iliyofuata alikivaa kanisani kwa ndani nje, na Esther siku hiyo hakuwepo kumzuia wala kumwambia. Watu walitazamana. Nilimfuata nyuma mpaka nyumbani machozi yananilenga. Niliona amenidharau mbele ya parokia nzima, na kwamba huyo mwanamke ameshamgeuza moyo. Kikulacho ki nguoni mwako, nikasema, na kweli kilikuwa nguoni.

Sasa nifike Alhamisi. Walikwenda tena Iringa. Nilipoona basi limeondoka nao, nilichukua jembe na panga, nikateremka bwawani. Hasira niliyokuwa nayo, kaka, ingetosha kulima bonde zima. Nilifyeka matete upande wote wa njia, nikayang'oa kwa visiki vyake. Milulu niliifumua nikaitupa rundo. Mnanaa niliukwangua kwa jembe mpaka udongo ukabaki mtupu kama sakafu iliyopigwa samadi. Magimbi tu ndiyo sikuyafikia, kwa sababu nilichoka. Kisha nikawasha moto nikatupia matete na mnanaa ule, matete yakawa yanalipuka pa, pa, na moshi ukajaa bondeni. Nilijisikia vizuri. Sikufichi, nilijisikia mtoto halali wa Baba.

Walirudi kwa njia ya juu. Esther alipitia kwake kuona watoto, Mama akaja peke yake. Jua lilikuwa bado lina nguvu. Mimi nilikuwa nimesimama kando ya moto, jembe mkononi, kifua mbele, nimeshaandaa maneno yangu yote kwa mpangilio. Mama alichukua ndoo yake pale jikoni akateremka, kwa sababu jioni humwagilia kitalu chake cha vitunguu. Alikuja akiimba polepole wimbo wa kanisani. Akanipita karibu sana. Akasema, kama anaongea na hewa, nani huyo anachoma majani, Esther, umeshafika? Mimi sikujibu. Nilinuna. Nilisema moyoni, unaniona nimesimama hapa kama mlingoti halafu unamuita Esther?

Akaendelea kutembea. Alikuwa ameunyoosha mkono wa kushoto pembeni, anapapasa hewa, kama mtu anayetafuta kitasa cha mlango. Hakupata kitu. Akaendelea. Nilidhani ananifanyia maigizo. Akaendelea mpaka pale kingo inapoinama, mguu ukatoka ardhini ukaenda juu ya maji, na hakuurudisha. Mama yetu alitembea ndani ya bwawa, kaka, akiimba. Aliingia mzima mzima, ndoo ikabaki inaelea peke yake.

Sijui nilifikaje. Maji yale yanafika kifuani tu, lakini unajua tope la chini linavyoshika mguu. Nilimkamata kwa kitenge, kile kile cha tausi, nikamvuta mpaka kwenye kingo, nikamlaza kifudifudi, akatapika maji. Nilikuwa napiga kelele, sijui nilisema nini. Alipopata pumzi hakulia, wala hakunilaumu. Aligeuza uso akaelekea upande ambao sikuwepo, akauliza nani kahamisha bwawa.

Kaka Kasian, Mama haoni.

Nimeiandika hiyo sentensi nikaitazama muda mrefu. Mama haoni. Alianza kupoteza pembeni, anasema alikuwa anaona kama mtoto anayechungulia kwenye bomba la jani la mpapai, na sasa hata hilo bomba limejaa moshi. Anatambua mchana na usiku, na mtu akipita mbele ya jua anaona kivuli, basi. Iringa walikuwa wanakwenda hospitali ya macho. Wamemwambia ni presha ya macho, kilichokwenda hakirudi, na kile kichupa ni cha kutunza hicho kidogo kilichobaki. Kinawekwa mtungini kwa sababu dawa inataka baridi na sisi hatuna friji. Mafua, nyoo! Na mimi nilikuwa naonja chakula cha watu.

Esther alifika mbio aliposikia kelele zangu. Alipoona kingo iko tupu alishika kichwa kwa mikono yote miwili akakaa chini palepale kwenye matope, akalia kwa sauti, yeye asiyepandisha sauti. Mama ndiye aliyembembeleza. Kisha tulimkalisha Mama jikoni penye moto, naye akanieleza mimi, taratibu, kama anavyomfundisha mtu kusuka.

Alisema yeye ndiye aliyemwambia Esther apande nini na wapi. Matete yako mbele kwa sababu hayanyamazi, upepo ukiwa mdogo kiasi gani yanaongea, hivyo akitoka mlangoni anasikia bwawa liko wapi. Milulu inamgusa miguuni, na ikishamgusa anajua asiongeze mwendo. Magimbi ameyaweka penye kingo mbaya, jani likimpiga mkono kwa umande wake anarudi nyuma. Na mnanaa uko mahali pa salama pa kuchotea, akiukanyaga ukanukia anainama na ndoo yake bila wasiwasi. Bati ni la kuzuia mizizi ya matete isitambae chini kwa chini ikaingia kwenye milulu, maana vikichanganyika atapotea. Na milulu haikatwi yote kwa pamoja ili pasiwe na mwanya hata siku moja. Nilimuuliza, Mama, kwa nini vya kudumu, kwa nini usingepanda hata mahindi tukakuelewa? Akasema mahindi yakivunwa yanamwacha bila ukuta. Alitaka kitu kisichoondoka.

Vikapu alikuwa anaendelea kusuka kwa vidole, ndiyo maana hakuna aliyeshtuka. Mimi alinijua kwa ndala. Kopo la chumvi lazima likae pale pale. Kitenge alikivaa kwa kupapasa, na pande zote mbili za kitenge kipya zinateleza sawa. Kila nilichokiona kilikuwa kweli, kaka, ila nilikisoma kichwa chini miguu juu.

Utauliza kama nilivyouliza mimi, kwa nini alitufungia siri sisi watoto wake akamfungulia mgeni. Jibu lake linauma, nakuandikia kama lilivyo. Alisema tulipokuwa tunaongea kwenye simu mwaka jana kwa spika, wewe na mimi, baada ya maziko ya shangazi Rozalia, alitusikia tukikubaliana kwamba siku Mama akishindwa kujihudumia tunamchukua. Hatukumuuliza. Na shangazi Rozalia unajua alivyoishia. Watoto wake walimchukua kwa upendo wakampeleka mjini, kwenye nyumba nzuri yenye vigae, na yule mama aliyekuwa anatembea bonde zima gizani alikufa akipapasa ukuta, anauliza mlango uko upande gani. Mama alikuwa amekaa naye siku za mwisho. Anasema hapa kila kitu anakijua kwa mguu, na kule Uyole atakuwa mzigo wa kusogezwa kutoka kiti hiki mpaka kile. Esther alimgundua mwenyewe siku moja alipomkuta akipanda maharage juu ya njia. Hakumtangaza. Alimuuliza tu, mayu, nikusaidieje? Mimi binti yake nilikuja na jembe.

Mama aliniomba nisikuambie. Sikumpa ahadi. Lakini wewe umeshapanga safari, umeshaongea na mwenye gari, na Mzee Dastan ameshaanza kupima bonde kwa macho. Nimekutana naye juzi akaniuliza kama nimemaliza kung'oa, na huyo mpangaji tunayemfahamu atakuwa nani. Nilimwambia akichomeka tena miche ya parachichi, nitaing'oa kama Baba yangu, hata leo. Aliondoka bila kuaga.

Sasa nakuomba kitu, kaka yangu. Usije na gari la kumchukua Mama. Sisemi hatari haipo. Nilimwona akizama, na nikifumba macho namwona bado. Lakini bwawa halikumtenda kitu miaka hii yote mpaka nilipolivua nguo mimi. Ijumaa na jana tumeshinda tunapanda upya, Esther na mimi, tukiwa tumezama magotini. Milulu tuliyoikuta rundoni ilikuwa bado na mizizi mibichi, imekubali. Matete tumeyachimba kule mtoni. Mama anakaa kingoni kwenye kigoda, anapapasa kila shina tunalochomeka, na likiwa limepinda anatwambia ling'oeni. Mpaka mimea isimame tumezungushia kamba yenye makopo, na hachoti maji peke yake. Nimemwambia mume wangu sirudi Mafinga mpaka matete yaanze kuongea.

Mnanaa ndio hatuna. Niliuchoma wote. Huku kwetu sijaupata kwa mtu yeyote, na Mama ameniambia ule wa kwanza ulitoka kwako. Unakumbuka Krismasi alikuomba shina la mnanaa wa wifi Goodness, ule unaoota penye maji ya bafuni, ukamfungia kwenye gunia bichi ukauweka kwenye basi ukicheka kwamba Mama siku hizi anataka chai ya kizungu? Basi ulikuwa unamtengenezea njia ya kuchotea maji, bila kujua. Njoo nao tena. Ung'oe na mizizi yake na udongo kidogo, usiukaushe njiani. Ulizia pia hapo hospitali ya rufaa Mbeya kuhusu hiyo dawa yake, isije ikakatika. Na ukifika usimuulize habari ya macho. Mwache akuambie mwenyewe.

Barua hii anakuletea Masunga, mume wa Esther. Anakuja Uyole kutafuta mbegu ya viazi. Mkaribishe ndani, kaka, mpe chakula, usimwache amesimama getini. Ni mtu wa maneno machache kama mkewe. Mimi nilishamwomba radhi mkewe, alinisikiliza hadi mwisho, na kwa mara ya kwanza akanitazama usoni. Akasema nishike vizuri hilo shina, linalala.

Nilikuwa nataka kufunga hapo, lakini ngoja. Mama ameacha kusuka sasa hivi akaniuliza namwandikia nani. Nimeshtuka, nikasema namwandikia mwalimu wa Lea, mwanangu, kule shuleni. Amecheka, kaka, kile kicheko chake cha puani. Amesema peni yangu imekuwa ikikwaruza tangu tulipotoka kanisani, huyo mwalimu lazima ni mtu wa nyumbani. Kisha ameendelea na kikapu, nami nikadhani yamekwisha. Baadaye kidogo, bila kuinua uso, amesema nimsalimie huyo mwalimu. Nimwambie mnanaa aufunge kwenye gunia kama mara ile. Na akija asivae viatu vya raba, avae vile vyake vya Jumapili vinavyogonga, ili akiwa bado huko kwenye mikaratusi yeye Mama ajue kwamba ni mwanawe.

Salamu nyingi kwa wifi na watoto, na kwa wote wanaotuulizia. Mungu akulinde njiani.

Ni mimi mdogo wako,
Veneranda